UZI: Mama yangu na Shaaban Robert wamezaliwa siku moja, au ndivyo kipande (kitambulisho) kinavyosema

#1 Mwanzisha uzi (Langoni, Lamu), 26 Desemba

Assalaam aleikum wadau, na wenye salamu zao nyingine, hamjambo.

Nina ubao. Ni ule mweusi wa shule wa zamani, nimeuegemeza kwenye daka la nyumba yetu hapa Langoni. Tangu mwezi wa 2, kila asubuhi kabla sijakwenda kazini, naandika kwa chaki jina la mwandishi aliyezaliwa tarehe ya siku hiyo, na mistari minne mitano ya maisha yake. Nilianza na Charles Dickens, 7 Februari 1812, si kwa mapenzi, ila ndiyo siku niliyopata chaki. Watoto wanaokwenda chuoni, yaani madrasa, husimama wakasoma. Wachukuzi wa mchanga nao husimamisha punda. Wazee wakitoka msikitini alasiri hunisahihishia tahajia, na mmoja huja na kitambaa chake mwenyewe cha kufutia.

Mwaka umekwenda vizuri. Tarehe 13 Aprili nilibana wawili ubao mmoja: Euphrase Kezilahabi, Ukerewe, 1944, na Julius Nyerere, Butiama, 1922, maana huyu wa pili, siasa kando, ndiye aliyetuletea Shakespeare kwa Kiswahili, Juliasi Kaizari kwanza, kisha Mabepari wa Venisi. Punda akalamba Ukerewe ikabaki "Uker". Tarehe 16 Novemba Achebe. Tarehe 20 Desemba Abdulrazak Gurnah, Unguja, 1948, na hapo watu walisimama sana, kwa ile Nobeli ya 2021 na kwa kuwa wengi hawakujua kwamba riwaya yake moja imeshatafsiriwa ikaitwa Peponi.

Aliyependwa kuliko wote alikuwa Naguib Mahfouz, 11 Desemba 1911, Cairo. Mamake alipata uzazi mgumu, daktari akawaokoa wote wawili, na babake akampa mtoto jina la daktari, zima zima: Naguib Mahfouz. Yaani lile tunalodhani ni jina lake na la babake, yote mawili ni ya daktari. Muuza mahamri wa jirani kanisomesha habari hii mara tatu.

Sasa tatizo. Juzi nilikuwa naandaa karatasi ya 1 Januari: Shaaban Robert, 1909, Vibambani, Machui, kusini ya Tanga. Mama kachungulia begani kwangu akasema, "Hoyu naye tarehe moya mwezi wa kwanda? Kumbe ni pacha wangu."

Kweli. Kipande cha mama kinasema 1 Januari 1951. Alipokwenda kukichukua, karani alimuuliza kazaliwa lini, naye akajibu alivyokuwa akiambiwa nyumbani: kaskazi, usiku wa Ijumaa. Karani hakuinua hata kichwa. Akaandika 1/1. Jirani yetu wa kulia naye ni 1/1. Fundi seremala wa kichochoro cha pili ni 1/1. Tukiamua kuwakatia keki wazee wote wa mtaa siku hiyo, unga utakwisha kisiwani.

Nikacheka, lakini usiku usingizi ukanipaa. Shaaban Robert amezaliwa 1 Januari kweli, au naye alikutana na karani?

La pili limeniuma zaidi. Mtoto wa darasa la sita kaniuliza, "Mwalimu, mwaka mzima mbona huandiki mtu wa Amu?" yaani wa Lamu hii yetu. Sikuwa na jibu. Si kwamba hawapo. Kisiwa hiki na visiwa vya jirani vimejaa washairi kuliko minazi. Ila ubao wangu unataka tarehe, nao hawana.

Mchukueni Mwana Kupona binti Msham. Utendi wake tunaujua sote, bibi zetu waliuimba:

*Negema wangu binti*
*mchachefu wa sanati*
*upulike wasiati*
*asaa ukazingatia*

Ukifika mwisho wa utendi, mwenyewe anajitambulisha. Anataja jina lake, anamtaja babake, anasema alizaliwa Pate. Halafu anatoa tarehe, kwa hesabu kamili: mwaka alfu na mia mbili na sabini na tano. Nilifurahi nusu ya dakika. Kisha nikaona si tarehe ya kuzaliwa kwake, ni ya utendi! Mwaka 1275 wa Hijra, yaani baina ya Agosti 1858 na Julai 1859. Mwanamke mgonjwa, maradhi yametimia mwaka, kamwita binti yake akae karibu na wino na karatasi, na katika yote aliyokumbuka kuandika, siku yake mwenyewe hakuiona kuwa na maana.

Naomba msaada. Niandike nini, na siku gani?

#2 Kijana wa Shela

Mwalimu unajitesa. Chagua siku yoyote, nani atakushitaki? Mpe 14 Februari uwauzie watalii kadi.

#3 Mwalimu wa Fasihi (Malindi)

Kijana wa Shela anatania lakini hakukosea sana. Huyo Shakespeare dunia nzima humwadhimisha 23 Aprili, na hakuna karatasi inayosema alizaliwa siku hiyo. Kilichopo ni daftari la kanisa la Stratford: amebatizwa 26 Aprili 1564. Watu wakarudi nyuma siku tatu, wakaona 23 imekaa vizuri kwa kuwa ndiyo siku aliyokufa, mwaka 1616. Cervantes wa Hispania ni hivyo hivyo, tuna ubatizo wake wa 9 Oktoba 1547, siku ya kuzaliwa watu wanakisia. Kwa hiyo wa Pate asione haya.

Kuhusu Shaaban Robert, mwalimu umenichokoza na mimi hesabu za mwezi ndiyo ugonjwa wangu. Tazama jina: Shaaban. Huku kwetu mtoto akizaliwa Rajabu huitwa Rajabu, akizaliwa Ramadhani huitwa Ramadhani, akizaliwa Ijumaa ni Juma au Mwanajuma. Basi nikageuza 1 Januari 1909 kuwa tarehe ya Hijra. Inaangukia 8 Dhulhija 1326, mfungo tatu huo, yaani mwezi wa tatu baada ya Ramadhani, mahujaji wako njiani kwenda Mina, siku mbili kabla ya Idi ya kuchinja. Mwezi wa Shaaban wa mwaka ule ulikwisha mwishoni mwa Septemba 1908. Zaidi ya miezi mitatu nyuma!

Sisemi neno. Nimeweka hesabu mezani tu.

#4 Mpita Njia wa Mkomani

Mwalimu wa Malindi, mimi naitwa Ramadhani na nimezaliwa mwezi wa mfungo nane. Ni jina la babu. Jina si cheti. Hesabu yako tamu lakini haimhamishi mtu siku yake. Mwanzisha uzi, mwandike 1 Januari kama vitabu vinavyosema, na uongeze maisha yake ambayo ndiyo ya maana: mtu amefanya ukarani serikali ya mkoloni, mchana anahesabu ushuru wa watu, jioni anaandika Kusadikika, nchi ya hewani ambako mjumbe anashitakiwa kwa kusafiri na kurudi na habari. Karani anayeandika habari za makarani na mawaziri waoga. Hapo ndipo pa kuweka chaki.

Na usimsahau Ngũgĩ wa Thiong'o tarehe 5 Januari, Limuru 1938. Itakuwa ya kwanza kuandikwa na wewe baada ya kufa kwake, Mei 28 ya 2025. Waambie watoto aliandika riwaya gerezani Kamiti juu ya karatasi za chooni. Watacheka, lakini hawatasahau.

#5 Mwanzisha uzi

Ngũgĩ nimeshamwandaa. Hiyo ya karatasi za chooni niliogopa wazee, lakini sawa, nitaiweka.

Nikirudi kwa Shaaban Robert nimeshawishika nusu na Malindi na nusu na Mkomani, yaani niko pale pale.

#6 Mcha Mungu

Ndugu zangu, haya ya bethidei tumeyatoa wapi? Wazee wetu walikumbuka siku ya kufa, wakasoma hitima, wakafanya hauli. Mwanachuoni akifa ndipo inajulikana alikuwa nani. Kuzaliwa kila mtu kazaliwa, hata paka wa gatini.

#7 Binti wa Siyu

Mcha Mungu, Amu nzima hufurika mfungo sita kwa ajili ya mazazi ya Mtume. Watu wanakuja na majahazi na ndege, matwari yanapigwa msikiti wa Riyadha, punda wanashindanishwa ufukweni. Kisiwa kinachojulikana duniani kwa kusherehekea uzazi mmoja ndicho unachokikataza kutaja mwingine? Haya, tuyaache, hilo la paka nimelipenda.

Nimeingia kwa ajili ya Mwana Kupona. Mwalimu, ukimwandika tafadhali usiandike ile mistari ya "mke mwema amtii mumewe" peke yake kama wanavyofanya wote. Nimechoka. Mimi ni wa Siyu, na mumewe ndiye Bwana Mataka, mkubwa wa Siyu, aliyempa tabu Sayyid Said wa Unguja mpaka jeshi lake likavunjwa huku kwetu mwaka 1845 na amiri wake akauawa. Huyu mwanamke ameishi ndani ya nyumba ile, vita nje, wakewenza ndani, kisha mume kafa 1856. Miaka miwili baadaye yu mjane, mgonjwa, ana binti mdogo ambaye hatamwona akiolewa. Mtu wa hali hiyo haandiki kitabu cha adabu za unyumba. Anamfungia binti mzigo wa safari: chumvi hii, sindano hii, hapa ukipita nyamaza, huyu akija mpe kiti. Mimi naisoma hivyo. Ukiusoma mwanzo, kabla ya mume hajatajwa kuna dini, ulimi, na watu wa kukaa nao. Na baada ya mume kuna dua ndefu ambayo wasomaji wengi hawafiki, wamekwisha kasirika au wamekwisha furahi.

Kuhusu siku ya kuandika: mwenyewe amekupa. Amekupa mwaka wa utendi. Andika siku ya kuzaliwa kwa utendi.

#8 Mwalimu wa Fasihi (Malindi)

Nimesimama kumpigia makofi Binti wa Siyu, na chai imemwagika.

Hiyo ndiyo kawaida ya watungaji wa kwenu. Utendi wa Tambuka, ile hadithi ya Herekali, mtungaji wake ni Bwana Mwengo wa Pate, na mwaka uliobaki nao ni 1141 wa Hijra, yaani 1728. Bwana Mwengo mwenyewe kazaliwa lini? Hakuna. Kilichowekewa kumbukumbu ni kazi kutoka mkononi.

Shairi la Al-Inkishafi pia. Sayyid Abdalla bin Ali bin Nasir tunamjua kwa karne tu. Lakini soma ubeti wa nyumba za Pate zilivyokuwa magofu:

*Nyumba zao mbake ziwele tame*
*makinda ya popo iyu wengeme*

Makinda ya popo yananing'inia juu palipokuwa na taa. Nani anamuuliza mtu huyu kipande?

#9 Kijana wa Shela

Basi mimi naomba Muhamadi Kijumwa aingie ubaoni, kwa sababu babu yangu alikuwa akisema mlango wetu ni kazi ya mkono wake. (Kila nyumba hapa yasema hivyo, najua.)

#10 Mwanzisha uzi

Haha, angechonga milango yote anayosingiziwa asingepata wakati wa kushika kalamu. Lakini kalamu aliishika kweli, na ndiyo iliyotuokoa. Kazaliwa katikati ya miaka ya 1850, kafa 1945: mshairi, mchonga mbao, mpiga muziki, na mnakili mwenye hati nzuri kupita wote. Wazungu waliotaka tenzi zetu walimwendea yeye, akawanakilia kwa hati za Kiarabu, na leo miswada ya mkono wake iko London na Ujerumani. Tenzi za Liyongo wengi tunazijua kupitia kwake.

Na yuko Ahmed Sheikh Nabhany, wa 1927 hadi 2017. Huyu nilisahau, aibu yangu. Sambo ya Kiwandeo yake ni jahazi zima limeundwa kwa beti: mti unakatwa, mkuku unalazwa, mbao zinapigwa, mpaka chombo kinashuka majini na kila kipande kina jina lake. Mafundi wa Matondoni wakisomewa huitikia kwa kichwa kama wanaosikia habari za jamaa. Neno runinga mnalolisikia kwenye taarifa ya habari, linatoka kwake.

Halafu walio hai. Ustadh Mau, Mahmoud Ahmed Abdulkadir, wa 1952, imamu na mwoka mikate hapa hapa mjini. Wasiya wa Mabanati aliutunga 1974, binti anausiwa tena, miaka zaidi ya mia baada ya Mwana Kupona. Siku yake nikamuulize mwenyewe nikienda kununua mkate.

#11 Nahodha Mstaafu

Nimesoma uzi wote kwa miwani ya kuazima. Mwalimu, unauliza ya watu wa Pate wa miaka mia mbili na ya mamako hujauliza.

Msahafu wa babu yako uko wapi? Fungua kurasa za mwisho, zile tupu kabla ya jalada. Zamani mwenye nyumba aliandika humo kila uzazi na kila kifo. Wangu una watoto wa babangu tisa, wawili wana mstari chini. Mwaka mara nyingi hawakuandika, waliandika siku na mfungo na pepo zilizokuwa zikivuma. Nyerere nasikia kaitwa Kambarage kwa mvua iliyokuwa ikinyesha siku hiyo. Ni yale yale. Wa bara huandika kwa mvua, sisi kwa kusi na kaskazi.

Na jihadhari na jambo moja. Usiku wa Ijumaa ni usiku wa kuamkia Ijumaa. Siku huanza magharibi jua likizama. Karani wa siku hizi ukimwambia usiku wa Ijumaa atakuandikia usiku wa Jumamosi, na mtu akahama siku nzima hivi hivi.

#12 Mwanzisha uzi, 28 Desemba, saa 10 jioni

Nahodha, Mungu akupe umri.

Msahafu ulikuwa kwa ami yangu Mkomani, umefungwa kwa leso ndani ya sanduku. Kurasa za nyuma mchwa wamekula pembe. Nilikaa nao barazani nikisoma herufi moja moja kama mtoto wa juzuu amma, mama akanitazama mpaka akachoka, akauvuta, akasoma kwa pumzi moja. Mimi mwalimu, yeye hakuingia shule hata siku moja, lakini chuoni alikhitimu.

Wameandikwa sita. Wa nne ni yeye. Wino umekuwa rangi ya chai: jina lake, kisha "amezawa usiku wa Ijumaa, mfungo sita, siku ya kumi na tisa, kaskazi". Mwaka hakuna. Chini yake, kwa kalamu nyingine, "ameandama ndugu yake", na jina la mjomba niliyemjua kaburi tu.

Mama hakusema kitu muda. Akapangusa ukurasa kwa ncha ya mtandio, ingawa haukuwa na vumbi.

Mwalimu wa Malindi, ugonjwa wako unahitajika.

#13 Mwalimu wa Fasihi (Malindi)

Nilikuwa nangoja uniite!

Kipande kinasema 1951, tuchukue karani alikisia mwaka vizuri kwa kumtazama uso. Mfungo sita uliangukia ndani ya kaskazi miaka yote ile ya karibu, kwa hiyo pepo hazitutoshi, ila siku ya juma inatosha. Kumi na tisa ya mfungo sita 1369 ni Jumatatu. Ya 1371 ni Jumanne. Ya 1370 ni Ijumaa. Mwezi wa kuandama unaweza kuchelewa au kuwahi siku moja, lakini Jumatatu na Jumanne hata ukizisogeza haziwi Ijumaa.

Basi ni 19 mfungo sita 1370. Ijumaa 29 Desemba 1950. Na kwa kuwa Nahodha ametuonya, usiku wa Ijumaa ni jioni ya Alhamisi baada ya magharibi: 28 Desemba.

Karani alikosea siku nne. Na mwalimu, tazama leo ni tarehe ngapi.

#14 Kijana wa Shela

Subhanallah. Leo!

#15 Binti wa Siyu

Jua linazama karibu na saa 12 na nusu. Una muda wa kufuta ubao.

#16 Mwanzisha uzi, saa 1 usiku

Nimefuta. Shaaban Robert anangoja tarehe moja, na pembeni ya jina lake nitaandika hesabu ya Malindi na jibu la Mkomani, watoto waamue. Mwana Kupona nitampa ubao wa peke yake, mwaka 1275 juu, wino na karatasi chini, bila siku.

Wa leo nimeandika kwa taa ya simu. Mama kaja na stuli kakaa mbele ya ubao, kaniambia niandike jina lake kwa hati za Kiarabu vilevile lilivyo kwenye msahafu, herufi yangu moja akaikataa nikaifuta mara mbili. Muuza mahamri kafika, yule mzee wa kitambaa kafika. Wameuliza ni mwandishi wa kitabu gani huyu.

Mama amewajibu bado hajaanza. Kisha akanigeukia kwa sauti ya chini: tarehe niiache, mwaka niufute.